Mchora Ramani za Intaneti: Profesa Mark Graham na Maswali Yake Matatu

Aghalabu tunapoizungumzia intaneti majumbani mwetu huizungumzia kana kwamba ni hewa. Haina mahali, haina mwenyewe, wala haina mpaka. Muulize mtoto intaneti iko wapi, atakuonesha juu. Muulize mtu mzima, naye pengine atakuonesha simu iliyo mkononi mwake. Ni wachache watakaoielekeza shahada yao upande wa baharini, na hali huko ndiko sehemu yake kubwa inakotufikia sisi watu wa pwani.

Juma hili tunapenda kuwaletea habari za mwanachuoni ambaye ameutumia umri wake wa kazi kuonesha kwamba intaneti ina mahali, ina wenyewe, na ina mipaka yake. Jina lake ni Mark Graham, Profesa wa Jiografia ya Intaneti katika Taasisi ya Intaneti ya Chuo Kikuu cha Oxford, nchini Uingereza. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu muhimu ya utafiti wake ilifanywa hapa Afrika Mashariki, wakati ule kebo za chini ya bahari zilipokuwa ndiyo kwanza zimefika Mombasa. Pili, maswali anayoyauliza yanagusa riziki ya vijana wetu na jina la miji yetu, na haya ni mambo ambayo kila familia inapaswa kuyafahamu.

Elimu kongwe katika vazi jipya

Uchoraji wa ramani si elimu ngeni katika ustaarabu wetu. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake mashuhuri pamoja na ramani zake, akiwa Palermo katika kisiwa cha Sicily, kwa agizo la Mfalme Roger wa Pili. Al-Idrisi hakuzizuru nchi zote alizozieleza. Kwa miaka mingi alikuwa akikusanya habari kutoka kwa wasafiri na wafanyabiashara, akizilinganisha, na kuyaandika yale yaliyoafikiana. Katika habari hizo miji ya pwani yetu imetajwa, ikiwamo Malindi na Mombasa. Na katika ramani zake kusini iliwekwa juu, kinyume cha ramani tunazozifundisha shuleni hivi leo.

Katika habari hiyo fupi mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ramani huchorwa na mtu aliyesimama mahali fulani, naye ndiye huamua kipi kiwe juu na kipi kiwe chini. La pili ni kwamba ramani hujaa pale palipokuwa na mtu wa kuulizwa, na hubaki tupu pale pasipofika msemaji. Weupe ulio katika karatasi hauna maana ya kwamba nchi hiyo haina watu. Maana yake ni kwamba habari za watu hao hazikumfikia mwenye kalamu.

Profesa Graham ameyachukua mambo haya mawili na kuyaelekeza kwenye intaneti. Hakuwa wa mwanzo katika njia hii. Mwaka 2001 wanajiografia wawili, Martin Dodge na Rob Kitchin, walichapisha atlasi nzima ya ulimwengu wa mtandao, wakikusanya ndani yake michoro ya kila aina iliyokuwa ikijaribu kuuonesha ulimwengu huo kwa macho. Matthew Zook, wa Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani, alichunguza ni miji ipi iliyojikusanyia biashara ya intaneti, akitumia majina ya tovuti yaliyosajiliwa na anwani za waliozisajili. Graham naye alisoma katika chuo hicho hicho cha Kentucky na kupata shahada yake ya uzamifu, na baadaye yeye na Zook wakashirikiana katika tafiti nyingi.

Kazi yenyewe hufanywaje? Njia zake ni nyingi, nasi tutazitaja chache. Mtafiti aweza kufuata njia za kebo na majumba yanayohifadhi data, akajua kitu kimepita wapi na kinamilikiwa na nani. Aweza kuchukua makala yaliyomo mtandaoni yenye kubeba namba za latitudo na longitudo, akaitia kila makala mahali pake katika ramani, kisha akahesabu. Aweza pia kuchora ramani ambayo ukubwa wa nchi haufuati ardhi yake bali hufuata idadi ya watu wake wanaotumia intaneti. Katika ramani ya namna hiyo nchi pana kama jangwa hupungua ikawa kama punje, na kisiwa kidogo chenye watumiaji wengi kikavimba. Na aweza, kama alivyofanya Graham mara nyingi, kufunga safari, akaketi na watu mahali pa kazi zao na kuwauliza: hiki chombo kimewaletea nini?

Hariri na madalali

Utafiti wake wa awali ulihusu jambo ambalo kina mama wa pwani watalifahamu bila ya maelezo marefu, nalo ni biashara ya nguo. Graham alikwenda Thailand kuwachunguza wafumaji na wauzaji wa hariri. Katika miaka ile wataalamu wengi walikuwa wakiahidi kwamba intaneti itawaondoa madalali. Mfumaji aliyeko kijijini, walisema, atamuuzia moja kwa moja mnunuzi aliyeko London au Chicago, na faida yote itabaki mkononi mwake. Ilikuwapo hata falsafa yenye jina lake. Mwaka 1997 mwandishi Frances Cairncross alitoa kitabu kilichoitwa Kifo cha Umbali, kwa Kiingereza *The Death of Distance*, na jina hilo likawa kama kaulimbiu ya zama zile.

Alichokikuta Graham kilikuwa kigumu kuliko ahadi hiyo. Mnyororo wa biashara ulibadilika, ni kweli, lakini watu wa kati hawakutoweka. Ili hariri iuzwe mtandaoni, pahitajika mtu mwenye kompyuta, mwenye kuijua lugha ya mnunuzi, mwenye kupiga picha nzuri, mwenye kupokea malipo kutoka nchi za nje na kusafirisha mzigo. Aghalabu mtu huyo hakuwa yule mwanamke aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi. Faida ya mtandao haikumwendea mfumaji kwa wepesi ule uliotangazwa.

Kina mama wetu wanaouza mabuibui, keki na hina kupitia simu zao wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Simu imewapa wateja, nasi hatuwezi kulikana hilo. Lakini kuna mwenye kutoza ada ya malipo, mwenye pikipiki ya kupeleka mzigo, na mwenye jukwaa anayeamua tangazo la nani lionekane kwanza. Dalali wa zamani alikuwa na uso na jina. Wa sasa wengine hatuwajui hata makwao.

Swali la kwanza: nani ameunganishwa?

Mwaka 2009 ni mwaka wa kukumbukwa katika pwani hii. Hadi wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu kubwa za mwisho duniani ambazo hazijafikiwa na kebo ya nuru ya chini ya bahari. Mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya pole pole. Ndipo zikaja kebo. Ile iitwayo SEACOM ilianza kazi mwezi wa Julai mwaka huo, na ile ya TEAMS, iliyoungwa mkono na serikali ya Kenya, ikafika Mombasa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata ikaongezeka EASSy.

Kebo ya namna hii ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha nuru. Kila neno, picha na sauti hugeuzwa kuwa mimweko ya nuru, ikapita chini ya bahari kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na jambo la kuzingatiwa ni kwamba kebo ya TEAMS imetandazwa kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika nchi ya Falme za Kiarabu. Bahari hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya majahazi ya mababu zetu. Walikwenda na boriti za mikoko wakarudi na tende na mazulia. Njia ni ile ile, mzigo umebadilika.

Wanasiasa na wafanyabiashara walizipokea kebo hizi kwa matumaini makubwa. Ilisemwa kwamba sasa Nairobi na Kigali zitakuwa sawa na mji wowote duniani, na kwamba kijana aliyeko hapa atashindana na aliyeko Ulaya bila ya tofauti. Graham pamoja na watafiti wenzake, akiwamo Laura Mann na Profesa Timothy Waema wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliyachukua maneno haya na kuyapima. Walichunguza hotuba na mipango ya serikali za Kenya na Rwanda. Kisha wakaenda kwa watu wenyewe, katika sekta ya chai, sekta ya utalii, na ile ya makampuni yanayofanya kazi za ofisi kwa niaba ya wateja wa ng'ambo.

Matokeo yake yanastahili kusomwa kwa utulivu. Hawakusema kebo haina faida. Makampuni mengi yaliweza kuwasiliana kwa wepesi na kwa gharama ndogo kuliko awali. Lakini waliona kwamba kuunganishwa ni jambo moja na kunufaika ni jambo jingine. Makampuni mengi ya Afrika Mashariki yaliingia katika biashara ya dunia kwa namna nyembamba: hutimiza masharti ya mnunuzi, hujaza taarifa zinazotakiwa, bila ya kuwa na sauti katika bei wala katika kanuni. Mara nyingine muunganisho ule ule uliwaongezea nguvu wakubwa waliokuwa na nguvu tangu hapo, kwa kuwa sasa waliweza kumsimamia mzalishaji kutoka mbali.

Hapa ndipo jiografia inaporudi. Umbali haukufa. Lililobadilika ni kwamba umbali sasa hupimwa kwa vitu vingine pia: lugha, mtaji, kuaminiwa na mteja, na nani aliyeandika masharti. Mtu aweza kuwa karibu na kebo kiasi cha kusikia mawimbi yanayoifunika, na akawa mbali na faida yake.

Swali la pili: nani ameandikwa?

Swali la pili la Graham huenda ndilo lililomtangaza zaidi. Alijiuliza: tukizipanga katika ramani habari zote zilizoandikwa mtandaoni kuhusu mahali, dunia itaonekana vipi? Kwa kazi hiyo alichagua Wikipedia, ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuihariri na ambayo wanafunzi wetu huikimbilia wanapopewa kazi za shule.

Mwaka 2009 alionesha kwamba makala zinazohusu bara la Antaktika, ambalo ni barafu tupu na halina wenyeji wa kudumu, zilikuwa nyingi kuliko zile za karibu kila nchi ya Afrika ikichukuliwa peke yake. Baadaye, pamoja na wenzake, alihesabu makala zenye alama za mahali katika lugha nyingi, jumla yake zaidi ya milioni 3. Walipozipanga waliona kwamba zaidi kidogo ya nusu yake zinaingia katika duara moja lililozunguka Ulaya, na duara hilo ni kiasi cha asilimia 2.5 tu ya nchi kavu yote ya dunia. Nusu iliyobaki ndiyo waliyogawana Afrika, Asia, Amerika zote mbili na visiwa vyote vya baharini.

Wengine watasema sababu ni umaskini au kukosa intaneti. Graham na wenzake waliipima hoja hiyo. Walikuta ya kwamba idadi ya watu na upatikanaji wa intaneti huathiri, lakini haviwezi kueleza kila kitu. Zipo nchi zilizokwisha kuunganishwa ambazo bado zimeandikwa kwa uchache. Na zaidi ya hayo, sehemu nyingi za Afrika huandikwa na watu walio nje yake. Yaani hata pale jina la mji wetu linapopatikana, yamkini aliyeliandika hajawahi kukaa barazani kwetu wala kunywa kahawa yetu.

Lugha nayo ina nafasi yake. Graham na Zook waliwahi kulinganisha kile kinachooneshwa katika ramani za mtandaoni pale mtu anapotafuta kwa lugha mbalimbali. Moja ya sehemu walizozichunguza ni Israeli na Palestina, ambako mwenye kuuliza kwa Kiarabu na mwenye kuuliza kwa Kiebrania, wakiwa mahali pamoja, hawakuoneshwa mji mmoja. Baadhi ya maduka na nyumba za kula zilionekana kwa huyu na hazikuonekana kwa yule. Ardhi ni moja, lakini kila mmoja alipewa mji wake. Na kwa kuwa watu wengi leo hufuata kile kinachooneshwa na simu, duka lisiloonekana katika lugha ya mteja ni kama halipo kwake.

Tulitazame hili kwa macho yetu wenyewe. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Maeneo haya mawili yameandikwa sana, na mtalii ayapata kwa kubonyeza mara moja. Lakini je, vichochoro vinavyoizunguka ngome hiyo? Msikiti mdogo wenye kisima chake cha zamani, majina ya mitaa ambayo bibi zetu walikuwa wakiyataja, nyumba ya mwalimu aliyesomesha vizazi vitatu vya wasichana? Mengi ya haya yamo katika vifua vya wazee peke yake. Siku mzee anapoondoka, huondoka na ramani yake.

Wala tusidhani kwamba hasara hii ni ya kumbukumbu peke yake. Mtoto wa darasa la sita anapotafuta habari za mji wake na kupata mistari minne iliyoandikwa kwa makosa, hujifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia kumfundisha: kwamba mahali penye thamani ni kwingine. Na mashine za akili unde ambazo vijana wameanza kuziuliza kila kitu, nazo zimefundishwa kwa maandishi hayo hayo. Palipokuwa pamenyamaza mtandaoni, zenyewe ama hunyamaza au hubuni.

Swali la tatu: nani anafanya kazi, na kwa ujira gani?

Katika miaka ya karibuni Graham amehamia katika swali lililo zito zaidi. Ikiwa intaneti imeleta kazi hadi mlangoni mwa nyumba, je, ni kazi ya namna gani?

Yeye pamoja na wenzake waliwahoji wafanyakazi wa mtandaoni katika nchi sita: Kenya, Nigeria na Afrika Kusini kwa upande wa Afrika, na Ufilipino, Malaysia na Vietnam kwa upande wa Asia. Hawa ni watu wanaonakili sauti kuwa maandishi, wanaoandika makala za matangazo, wanaojibu barua za wateja wa kampuni wasiyoijua, na wanaoingiza data usiku kucha. Mwaka 2022 yeye na Mohammad Amir Anwar walitoa kitabu kizima kuhusu kazi za namna hii barani Afrika.

Waliyoyasema wafanyakazi hao yana pande mbili, na uadilifu wataka tuzitaje zote. Wengi walishukuru. Walipata kipato ambacho hawangekipata katika miji yao. Walijipangia saa zao, na wengine waliweza kufanya kazi bila ya kutoka nyumbani, jambo lenye uzito kwa mama mwenye watoto wadogo. Lakini upande wa pili ulikuwa na maumivu yake. Walio tayari kufanya kazi ni wengi mno kuliko kazi zenyewe, kwa hivyo kila mmoja hupunguza bei ili achaguliwe. Mteja akiwa Marekani, kazi hufanywa usiku wa manane wa hapa. Mfanyakazi aweza kufungiwa akaunti yake na asijue kwa kosa gani, wala asijue pa kulalamika. Na yule anayefanya kazi peke yake chumbani hana mwenzake wa kumuuliza kama naye analipwa vivyo hivyo.

Graham analitazama hili kwa jicho la jiografia. Mteja aweza kununua kazi kutoka popote duniani, lakini mfanyakazi hawezi kuhama mahali alipo. Kodi yake ya nyumba, bei ya unga wake na ada ya shule ya watoto wake ni za mji mmoja. Kwa hivyo soko limekuwa la dunia nzima kwa mnunuzi, na mwenye kuuza jasho amebaki kufungwa na mahali. Uwezo wa kujadiliana bei uko kwa yule mwenye nafasi ya kuondoka.

Hakuishia katika kueleza. Aliasisi mradi uitwao Fairwork, wenye makao yake katika taasisi yake ya Oxford na katika kituo cha utafiti cha WZB mjini Berlin. Mradi huu huyapima makampuni ya kazi za mtandaoni na zile za usafiri na upelekaji wa mizigo, kwa misingi mitano: ujira wa haki, mazingira ya haki ya kazi, mikataba ya haki, usimamizi wa haki, na haki ya wafanyakazi kuwakilishwa. Kila kampuni hupewa alama, kumi zikiwa ndizo za juu, na matokeo hutangazwa hadharani. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazochunguzwa. Watafiti hawatosheki na yale yanayosemwa na kampuni. Huwauliza waendeshaji na wafanyakazi wenyewe, na ujira huhesabiwa baada ya kutolewa gharama za mafuta na za chombo, kisha hulinganishwa na kima cha chini cha mshahara cha nchi.

Mwaka 2024 Graham, pamoja na James Muldoon na Callum Cant, walichapisha kitabu kuhusu watu walio nyuma ya akili unde. Wasomaji wengi hudhani mashine hizi hujifunza zenyewe. Ukweli ni kwamba pana watu, wakiwamo vijana wa Kenya na Uganda, ambao kazi yao ni kuzitia alama picha na maandishi moja baada ya jingine, au kutazama mambo machafu yaliyorushwa mtandaoni ili yaondolewe kabla hayajatufikia mimi na wewe. Uchafu tusiouona katika simu zetu, kuna kijana aliyeuona kwa niaba yetu. Baadhi yao hubaki na majeraha ya moyo ambayo mshahara wao hautoshi kuyatibu.

Nasi tuna lipi la kutenda?

Ukiyapanga maswali yake matatu kwa taratibu, utaona kwamba ni safari moja. Alianza kwa kuuliza kebo imefika wapi, akaendelea kwa kuuliza habari zimeandikwa za wapi, akafikia kuuliza jasho linamwagika wapi na ujira unakwenda wapi. Katika hatua zote jibu lake lina mzizi mmoja: chombo hakimpi mtu cheo. Nguvu hubaki kwa yule anayeandika, anayemiliki na anayeweka masharti, mpaka wengine nao wachukue sehemu yao.

Kwa familia zetu, haya yana matendo yake, na mengi hayahitaji fedha.

La kwanza ni kuandika. Toleo la Kiswahili la Wikipedia lipo tangu mwaka 2003, na liko wazi kwa kila mwenye elimu na adabu ya kuandika kwa ushahidi. Binti zetu wa sekondari na wa vyuo wanaweza kukaa na bibi zao, wakaandika majina ya mitaa, asili ya visima, misikiti, makaburi, vyakula na ufundi wa watu wake. Lisiloweza kuingia katika ensaiklopidia kwa kukosa marejeo, liandikwe katika daftari la familia na litiwe tarehe na jina la msimulizi. Al-Idrisi naye alianza kwa kuwauliza watu waliokuwa wakijua.

La pili ni kuuliza kabla ya kukubali kazi. Kijana anapofurahia kupata kazi ya mtandaoni, mzazi asimvunje moyo, lakini amuulize maswali ya mzazi: Unalipwa kwa saa au kwa kazi? Ukigawanya malipo kwa saa zote ulizokaa, pamoja na zile za kusubiri, unabaki na kiasi gani baada ya data na umeme? Nani atakusikiliza wakikufungia? Je, mna mkataba unaoweza kuusoma? Maswali haya yamekaribiana sana na ile misingi mitano, na mama anayejua kuendesha hesabu ya jikoni anaweza kuyauliza yote.

La tatu ni kusaidiana. Graham anaonesha kwamba mfanyakazi wa peke yake ndiye dhaifu. Kina mama wa pwani wana mazoea ya vyama vya kuchangiana na kuinuana tangu zamani. Mazoea hayo hayo yaweza kuwakusanya wasichana wanaofanya kazi za simu na kompyuta, wakapeana habari za mteja mwema na mteja mwovu, wakakubaliana bei ambayo hapana atakayeishuka, na wakapumzishana mmoja wao anapolemewa.

Kebo iko pale chini ya bahari yetu, inapitisha nuru usiku na mchana. Tunamshukuru mwanachuoni aliyetuonesha kwamba kilicho cha thamani ndani yake ni yale yatakayopita, na ni nani atakayeyatuma. Tuyatume nasi ya kwetu, kwa ukweli na kwa lugha yetu, ili siku za usoni, in shaa Allah, mwenye kutaka kujua habari za mji wetu azipate kutoka kwetu.